Foleni ya Watu Mia Tisa

9 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Huku nyumbani hatujambo, ukiacha goti la Baba. Daktari amemwambia aachane na ngazi, na juzi nimemkuta juu ya paa anapigilia bati, misumari mdomoni. Bibi amepata kifaa chake cha masikio. Sasa anasikia kila kitu na nyumba imekosa amani, maana tulishazoea kumsema akiwa amekaa hapo hapo. Anakusalimu, anauliza kama huko chuoni unakula vizuri.

Salamu zimekwisha.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu barua pepe za kazini zinasomwa na wengine, na kwenye simu unanikatiza. Jumapili ile mimi nilisema maneno kumi, wewe ukasema mia, halafu ukaniambia una darasa. Darasa gani la Jumapili, Shangazi?

Ulisikia redioni kwamba mwezi uliopita jengo la ghorofa nne liliporomoka nyuma ya soko letu. Usichosikia ni yaliyotokea ndani ya kituo cha simu za dharura, kwenye ule mfumo ulioujenga wewe na kuniachia mimi miaka mitatu iliyopita. Ndani ya nusu saa wanaosubiri kwenye foleni walifika mia tisa. Skrini za wapokeaji simu zikaganda. Hazikuzimika, afadhali zingezimika tukajua. Zilikaa zinawaka, hazileti mtu.

Mke wa mwashi mmoja alipiga saa nne na dakika saba asubuhi. Mumewe alikuwa chini ya zege, mzima, anaongea naye. Rekodi inasema simu ile ilipangiwa meza ya yule dada tunayemwita Taratibu. Unamkumbuka: kila anayepiga akilia, yeye humwambia, "Taratibu, mama, taratibu, nipo na wewe." Rekodi inasema aliipokea saa nne na dakika arobaini na nane. Gari lilipofika, mwashi alikuwa ameshakufa.

Kamati ilikaa siku mbili. Imeandika kwamba mpokeaji alizubaa kwa dakika arobaini na moja, na amefukuzwa kazi. Mjumbe mmoja alisema, "Hata jina lenyewe linajieleza," wenzake wakacheka. Jina la utani limegeuzwa ushahidi! Wamemwangushia jumba bovu, Shangazi, na safari hii sisemi kwa mafumbo.

Nimeirudia asubuhi ile yote kwenye kompyuta ya akiba, simu kwa simu. Simu ya yule mama ilitokea kwenye skrini ya Taratibu saa nne na dakika arobaini na saba na nusu. Aliipokea kabla haijalia mara ya nne.

Nikafungua programu. Foleni ni orodha ya kawaida, ile ya kushikana mikono, kila mmoja anamjua anayemfuata tu. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba lugha yetu ya programu haibadilishi kitu kilichokwisha kuandikwa, inaandika kipya. Kwa hiyo akiongezwa mtu mkiani, orodha yote inanakiliwa. Akikata simu mtu wa katikati, wote waliomtangulia wananakiliwa tena. Na kila badiliko, programu inampitia kila mtu tangu mwanzo kuhesabu ni wa ngapi, ili ile sauti imwambie "wewe ni wa themanini". Kwa watu mia tisa ni hatua laki nne, kwa badiliko moja. Watu walikuwa wakikata na kupiga upya, mabadiliko thelathini kila sekunde. Seva ilishinda inafagia takataka za orodha zilizotupwa, haina nafasi ya kumleta mtu.

Ulinifundisha haya kwa vifuniko vya chupa, nikiwa bado na sare ya shule. Na mstari wa programu unaoiweka orodha hiyo una jina lako.

Nataka uiandikie kamati. Rufaa ya Taratibu itasikilizwa Julai.

Binti wa kaka yako.


2 Aprili

Binti wa kaka,

Marahaba. Barua yako imekaa mezani wiki mbili, maana kila nikiifungua ni kama mtu amegonga mlango wangu kwa teke. Mwambie baba yako nimesema ashuke kwenye paa. Mwambie Bibi nakula. Binamu yako ana mtihani wa mwisho mwezi ujao, ananuna kuanzia asubuhi mpaka jioni. Mimi nimehamishiwa ofisi inayopakana na choo, kwa hiyo nasahihisha kazi za wanafunzi mia na arobaini huku nasikiliza maji yakivutwa. Nusu yao wamenakiliana mpaka makosa ya tahajia.

Haya, tuje kwako.

Foleni ya kituo niliijenga kwa orodha mbili. Ya mbele wanatokea, ya nyuma wanaingilia, na hiyo ya nyuma imewekwa kinyume ili anayeingia akae kichwani, pasihitajike kunakili chochote. Ya mbele ikiisha, ya nyuma inageuzwa mara moja, kazi inaendelea. Naifundisha kila mwaka na kuwaambia wanafunzi: hii si ya ubaoni, hii inafanya kazi kwenye kituo cha dharura, inaokoa watu. Kuniambia leo kwamba niliweka orodha ya kawaida ni kumwambia fundi cherehani kwamba ameshona shati akasahau tundu la kichwa.

Mashine yenu ni kongwe. Meneja wenu hajui tofauti ya seva na friji. Nani na nani wameigusa programu ile baada yangu? Anza hapo, kabla hujanipeleka kwenye kamati.

Na uangalie kalamu yako unapomwandikia mkubwa. Mimi nimekuosha ukiwa huwezi hata kukaa.

Shangazi yako.


11 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Baba ameshuka, baada ya ngazi kuteleza. Amechubuka kiwiko na kiburi. Bibi amegundua namna ya kuzima kifaa chake, na anakizima katikati ya sentensi ya mtu. Nimeanza kumwonea wivu.

Umeniosha mwili, nakushukuru. Sasa usinitie sabuni machoni nisione.

Hazina yetu ya programu inatunza kila badiliko: nani, lini, nini. Alhamisi, siku moja kabla hujaondoka kituoni, saa tisa alasiri, ulitoa orodha mbili ukaweka moja. Badiliko limeandikwa jina lako. Kwenye maelezo umeandika maneno mawili tu: "Rahisi zaidi." Nimelichapa kwenye karatasi, limo ndani ya bahasha hii. Soma mwenyewe.

Jumamosi nilikwenda kwa Taratibu. Anafulia watu nguo. Nilimkuta uani, beseni tatu, mikono imekunjamana kwa sabuni. Alinipa kiti chake, yeye akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Akaniuliza, "Vipi, mmeshajua ilikuwa nini?"

Nikamwambia, "Bado tunatafuta."

Nilidanganya, mbele ya nguo za watu. Na nilidanganya kwa ajili yako, kwa sababu sikutaka alisikie jina la shangazi yangu kabla wewe hujalisema mwenyewe. Usiniweke hapo tena.

Andika barua.

Binti wa kaka yako.


27 Aprili

Binti wa kaka,

Marahaba. Hatujambo. Nimeiona karatasi yako.

Wiki ile meneja alinijia na malalamiko kwamba sauti inawadanganya watu: mtu ni wa tano, inamwambia wa kumi na mbili, kwa kuwa waliokata simu walikuwa bado wanahesabiwa. Alitaka jambo hilo limalizike kabla sijaondoka Ijumaa. Kumtoa mtu katikati ya zile orodha mbili, na kuhesabu nafasi za wengine, lilikuwa jambo la kukaa nalo wiki mbili. Mimi nilikuwa na siku mbili, na masanduku hayajafungwa. Nikaweka orodha moja. Nikaijaribu kwa watu sitini, ikaenda kama maji. Siku yenye simu nyingi kuliko zote hatukuwahi kufika arobaini.

Lakini sikuondoka nikanyamaza. Juu ya mstari ule niliacha onyo la mistari mitatu: "Hii ni ya muda. Isizidi watu mia. Ikikaribia hapo, badilisha iwe mti." Kwenye karatasi uliyonichapia onyo limo, litazame.

Kwenye programu inayofanya kazi leo, onyo hilo liko wapi?

Hazina inatunza kila kitu, umesema. Basi iulize.

Shangazi yako.


30 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Nimechelewa kwa sababu ya kazi. Binamu yangu mwambie mtihani ukiisha aje huku, Baba anatafuta mtu wa kumshikia ngazi. Ndiyo, amerudi juu.

Nimeibadilisha foleni. Sasa ni mti: kila anayepiga ana namba yake ya kufika, na kila tawi linajua lina watu wangapi chini yake. Kuongeza mtu ni hatua kumi hivi. Kumtoa wa katikati, hatua kumi. Kujua mtu ni wa ngapi, hatua kumi, na programu inamhesabia mtu pale tu sauti inapotaka kumtajia nafasi yake. Nimeumiminia watu elfu mbili wa uongo, na skrini hazikupepesa. Kazi ya siku nne, Shangazi. Siku nne! Miaka mitatu tulikuwa tumekaa juu ya kitu cha siku nne.

Uliniuliza kuhusu onyo. Onyo halipo. Tuliache hilo, halimrudishi mtu.

Ninalotaka kukuuliza ni lingine. Juzi nilimwambia meneja kwamba foleni ndiyo iliyogoma, si Taratibu. Alikuwa anakoroga chai yake kwenye korido, hata kijiko hakukisimamisha. Akasema, "Mbona shangazi yako alituambia mwaka jana kwamba mfumo hauna tatizo?"

Nikamwambia shangazi yangu alikuwa ameshaondoka mwaka jana. Akasema, "Muulize."

Nakuuliza. Mwaka jana uliongea naye nini?

Na barua ya kamati iko wapi? Hii ni mara ya tatu naomba. Mara ya nne sitaomba, nitasimama mbele yao niseme kwa mdomo wangu, na nitakutaja kwa jina la kuzaliwa.

Binti wa kaka yako.


19 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Binamu yako amefaulu, hajui aseme nini, ananuna kwa furaha.

Nimeandika barua hii mara nyingi nikachana. Mara ya kwanza nilimlaumu meneja, mara ya pili nikakulaumu wewe. Leo nimechoka.

Mwaka jana mwezi wa Agosti meneja alinipigia. Alisema kulikuwa na moto kwenye ghala la magodoro, simu zikapanda mpaka mia na hamsini, skrini zikawa zinasitasita. Akaniuliza kama ni programu. Nilikuwa nimesimama nje ya ukumbi, wageni kutoka vyuo vingine wamekaa ndani, nami naingia kuwaeleza habari za foleni ile ile ya orodha mbili inayookoa watu. Nilijua papo hapo ni nini. Ingenichukua dakika moja kumwambia, "Ni ule mstari wangu wa Alhamisi, mwambie binti ausome." Dakika moja tu.

Nikamwambia, "Mfumo uko sawa. Nunueni mashine kubwa zaidi."

Halafu nikaingia ukumbini, nikapigiwa makofi.

Sikukuficha wewe tu. Nimejificha mimi mwenyewe miezi kumi, na ilipofika barua yako ya kwanza nilikasirika kama mtu aliyevuliwa nguo sokoni. Ukali wote ule ulikuwa aibu tu, mwanangu.

Ndani ya bahasha hii kuna taarifa ya kamati. Nimetia saini kila ukurasa. Alhamisi imo, simu ya Agosti imo. Nimempa mkuu wa idara nakala kabla sijaipeleka posta, nisije nikabadili mawazo njiani. Amenisimamisha kufundisha mpaka watakapoamua.

Lililobaki ni lako. Nilikuuliza onyo liko wapi, ukaniambia tuliache. Nakujua tangu una meno ya utoto: ukivunja kikombe, ulikuwa unaanza kusifia sahani. Sitakuuliza tena. Ila ujue kwamba taarifa yangu inataja onyo lile, na kamati watakuuliza.

Shangazi yako.


24 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Bibi anaumwa kidogo, ni mafua tu. Baba mzima.

Rufaa imesikilizwa jana. Chumba kile kile cha mikutano chenye feni isiyozunguka, na wale wale watatu mezani. Taratibu alikaa peke yake upande wa dirisha, amevaa gauni lake la kazini, la bluu, alilopaswa kulirudisha na hakulirudisha. Meneja alikaa karibu na mlango.

Walisoma taarifa yako kwa sauti. Walipofika kwenye onyo, mwenyekiti akanitazama juu ya miwani. "Hii mistari mitatu tunaambiwa ilikuwepo. Ilikwenda wapi?"

Nikasema, "Niliifuta mimi."

Nitakuambia kama nilivyowaambia wao. Mwezi wangu wa kwanza, meneja alisema kuna wakaguzi wanakuja kuitazama programu, tusafishe maelezo ya zamani. Nilifuta kama mia mbili. Mengi sikuyasoma. Lile nililisoma. Nililisoma mara mbili, nikaona kwamba wakaguzi wataona shangazi yangu ameacha kazi ya muda kwenye kituo cha dharura, na kwamba mimi nimeletwa pale kwa mgongo wake. Nikaona linakuaibisha. Nikalifuta, nikasema moyoni nitabadilisha foleni nikipata nafasi, na miaka mitatu sikuipata. Uliponiuliza Aprili nilijua kabla sijamaliza kusoma swali. Machi nilikuwa najua. Barua ile ya kwanza yenye makelele yote yale niliiandika nikiwa najua.

Mwenyekiti akauliza, "Kwa hiyo mkosaji ni nani hapa?"

"Mimi na shangazi yangu," nikasema. "Huyu dada alipokea simu ndani ya nusu dakika."

Yule mjumbe aliyelifanyia mzaha jina Februari safari hii hakufanya mzaha. Meneja aliulizwa kuhusu simu ya Agosti, akajibu kwamba yeye si mtaalamu wa programu. Hilo lilikuwa neno lake la kwanza la kweli mwaka huu. Wamemrudisha Taratibu kazini kuanzia Jumatatu. Mimi nimesimamishwa miezi mitatu, na mti wangu wameuacha ufanye kazi.

Nilidhani nitatoka pale mwepesi. Nilimkuta ananisubiri getini. Nikafikiri anataka kunishukuru, mjinga mimi, nikaanza hata kutabasamu.

Akaniuliza, "Ulijua lini?"

"Machi."

Akahesabu kwa vidole vyake vile. "Aprili. Mei. Juni. Julai. Ulikuja kwangu, ukakaa kwenye kiti changu, ukaniambia mnatafuta."

Nikamwambia nilikuwa nasubiri barua yako, kwamba tulikuwa tunaandikiana.

"Mnaandikiana nini?"

Ningemwambia nini? Kwamba tulikuwa tunabishana nani amemkosea adabu nani? Kwamba wewe ulikaa na barua yangu wiki mbili, mimi nikakaa na yako mwezi mzima, kila mmoja anamwinda mwenzake aseme kwanza?

Akasema, "Mke wa mwashi alikuja kwangu mwezi wa tano. Aliingia mpaka uani. Hakunitukana, alisimama tu akaniuliza, 'Dada, ulikuwa unafanya nini dakika zote zile?' Nikamwambia sijui. Unasikia? Nilimwambia sijui, kwa sababu nilikuwa nimeshaanza kuamini kwamba nilizubaa. Nilikuwa nakaa mbele ya beseni najaribu kukumbuka nilikuwa nawaza nini. Nilijitafutia kosa mpaka nikalipata. Nikasema labda nilifumba macho."

Sauti yake haikupanda. Ni ile ile ya kwenye simu, Shangazi, ya taratibu, mama, taratibu. Akafunga kifungo cha gauni lake, akaondoka kuelekea kituo cha basi. Sikumfuata.

Bado nimekukasirikia, na sioni dalili ya kuacha. Kuhusu mimi mwenyewe sisemi. Lakini usinijibu barua hii. Nimechoka kuwa mtu pekee unayemwandikia ukweli, na wewe uchoke kuwa mtu pekee ninayempigia kelele. Nyuma ya karatasi hii nimeandika anwani mbili. Ya juu ni ya Taratibu. Ya chini ni ya mke wa mwashi. Barua yangu nimempelekea mke wa mwashi leo asubuhi kwa mkono, akaisoma tumesimama mlangoni, halafu akafunga mlango.

Yako nayo waipate, wote wawili.

Binti wa kaka yako.